Kikapu cha Bibi na Maji ya Korona

Mhariri wa gazeti letu ametutaka sisi wa kidato cha nne, kabla hatujaondoka shuleni, tuandike kila mtu habari moja ya kwao. Wenzangu wameandika habari za milima, za ngoma na za wazee mashuhuri. Mimi kwetu ni Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, katika barabara iendayo Muheza, na habari niliyo nayo ni habari ya tope. Nawaomba msinicheke mpaka mfike mwisho.

Baba yangu hufanya kazi katika korona. Kwa wenzangu wa bara wasiolijua neno hili, korona yetu si ule ugonjwa uliotufungia shule mwaka 2020. Sisi watu wa mkonge tulikuwa na korona zamani sana kabla ya ugonjwa huo kujulikana. Ni mtambo mkubwa wa kukwangua majani ya mkonge. Majani huletwa kutoka shambani yamefungwa matita, hupangwa juu ya mkanda, na mtambo huyaponda na kuyakwangua huku maji mengi yakimwagika juu yake. Upande mmoja hutoka nyuzi, nazo huoshwa na kuanikwa juani mpaka zikawa katani nyeupe. Upande wa pili hutoka makapi mabichi na maji ya rangi ya kijani. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia, katani kavu inayopatikana ni kilo 4 hivi tu. Kilichobaki chote ni makapi na maji.

Mkonge wenyewe si mmea wa asili ya kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika hai katika pwani yetu ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea, hata mwaka 1964 nchi yetu ilitoa katani tani zipatazo 230,000. Baadaye kamba za nailoni ziliingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Lakini ziko korona ambazo bado huzunguka, na moja kati ya hizo ndiyo inayotulisha nyumbani. Sitaitaja kwa jina, kwani sikushika kalamu ili kumshitaki mtu.

Sasa nitawaeleza habari za Bibi. Bibi, mzaa mama, hukaa huko chini, karibu na mahali ambapo Mto Mkulumuzi huingia katika ghuba ya Tanga. Yeye hana shamba wala duka. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, hujifunga kanga kiunoni, huchukua kikapu na kipande cha chuma, akaingia matopeni kati ya mikoko. Huko huokota tondo na kombe, hukamata kaa, na huchimba minyoo ambayo wavuvi huinunua kwa chambo. Kwa kikapu hicho alimlea mama yangu na ndugu zake watano, na hakuna hata mmoja wao aliyelala na njaa.

Basi mimi ni mtoto wa nyumba mbili. Godoro langu la shule, sanduku na madaftari vimetoka katika korona. Mifupa yangu, kama asemavyo Bibi, imetoka matopeni. Nimeishi miaka mingi bila kufikiri kwamba nyumba hizi mbili zinaweza kugombana.

Likizo ya Juni, masika yalipokwisha, nilikwenda kumwamkia.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mume wangu,” akanijibu kwa utani wake wa siku zote. “Leo umenikuta sina hata kitoweo cha kukukirimu.”

Nikatazama kikapu chake kilipotundikwa ukutani. Kilikuwa kikavu kabisa. Nikamwuliza kama alikuwa mgonjwa.

“Mimi ni mzima,” akasema. “Tope ndilo lililokufa.”

Moyoni nilicheka. Mimi ni mwanafunzi wa Bayolojia, na najua kwamba tope si kitu chenye uhai hata life. Lakini kesho yake alfajiri, bahari ilipopwa, alinichukua tukaenda wote, na huko kicheko changu kilikwisha.

Maji ya mto yalikuwa yakipita katikati, tena mtu aliyesimama juu ya ukingo asingeona kasoro yoyote isipokuwa povu kidogo, kama povu la sabuni, lililonasa katika mizizi ya mikoko. Tuliposhuka na kukanyaga, tope lilikuwa jeusi kama masizi tangu juu, na kila tulipochomoa mguu ilitoka harufu ya mayai viza. Kombe walikuwa wamelala wazi, magamba yameachama, ndani hamna kitu. Wale kaa wadogo wa gando moja kubwa, ambao zamani nilipokuwa mtoto walitukimbia kwa mamia na kuingia mashimoni, sikuona hata mmoja. Mashimo yao yalikuwa yamezibwa. Tondo waliobaki walikuwa wamepanda juu ya mashina ya mikoko, kama watu waliokimbia mafuriko wakapanda juu ya paa.

Katika muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Bayolojia alikuwa ametufundisha namna ya kuhesabu viumbe wa mahali. Basi nilifunga mraba wa fito, nusu mita kila upande, nikaazima chekeche la Bibi ambalo alisema limechakaa, na kwa siku tatu nilichimba, nikachekecha, nikahesabu. Kwanza nilihesabu pale mlangoni mwa mto. Kisha nilikwenda nyuma ya rasi, katika mkono mdogo wa bahari ambao maji ya mto hayaufikii sana. Wadogo zangu wa huko walinifuata wakidhani nimerukwa na akili.

Nyuma ya rasi, katika miraba yangu minne, nilipata aina kumi na moja za viumbe: kaa wa namna tatu, tondo, kombe, kamba wachanga, na minyoo ya namna mbalimbali, mingine minene kama kidole. Mlangoni mwa mto nilipata aina mbili tu. Lakini jambo lililonishangaza ni kwamba hao wachache hawakuwa wachache. Minyoo fulani myembamba, myekundu, midogo kama uzi, ilijaa chekecheni hata nikashindwa kuihesabu. Nilidhani nimekosea. Kama tope limekufa, mbona limejaa minyoo?

Niliporudi Pongwe nilimkuta Baba barazani anapaka mafuta mikono yake. Utomvu wa mkonge huwasha, na kila mfanyakazi wa korona anaujua mwasho wake. Nikasubiri amalize, kisha nikamwuliza:

“Baba, maji ya korona huenda wapi?”

“Huenda shimoni.”

“Na shimo likijaa?”

Akanitazama. “Masika ya mwaka huu limejaa mara nyingi. Likijaa, maji hufuata njia yake.”

“Njia yake ni mtoni, Baba. Na mto huishia kwa Bibi.”

Wasomaji wapenzi, mimi nimelelewa kumheshimu baba yangu, na sikupata kumwambia neno kama hilo katika maisha yangu. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, bila hasira, “Mwanangu, unataka korona ifungwe? Hiyo ndiyo iliyokununulia kalamu uliyokwenda kumhesabia Bibi yako minyoo. Mwaka juzi injini ilipovunjika tukakaa miezi mitatu bila kazi, unakumbuka tulivyokuwa?”

Nilikumbuka. Hapakuwa na sukari, hapakuwa na mafuta ya taa. Lakini kitoweo kilikuwapo. Kila Ijumaa Mama alirudi kutoka kwa Bibi na kikapu kizima cha tondo na kaa, tukala mpaka tukaacha. Nilipomkumbusha Baba hayo, nilijisikia kama mtu aliyepata jawabu la hesabu bila kulitafuta. Ile miezi mitatu korona ilipolala, maji machafu hayakushuka, na tope likaanza kupata nafuu. Tope lile lile ndilo lililotulisha.

Baba naye aliliona. Hakusema neno, alisimama akaingia ndani.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu daftari langu. Alilisoma lote, kisha akanionya jambo ambalo naliandika hapa kwa faida ya wenzangu. Alisema kulinganisha mlango wa mto na mkono wa bahari nyuma ya rasi hakutoshi kuwa ushahidi, kwa sababu mlangoni maji hupungua chumvi wakati wa mvua, na mchanga na tope vya mahali pawili havifanani. Huenda viumbe wengine hawakuwako kwa sababu hizo. Ushahidi ulio bora, alisema, ni kuhesabu mahali pale pale, nyakati mbalimbali, uchafu ukiwapo na uchafu usipokuwapo. Niliona haya kidogo, kwa kuwa nilitumaini sifa. Lakini ni kweli. Ushahidi wa Bibi, ambaye amekanyaga tope lile lile kwa zaidi ya miaka hamsini, ulikuwa na nguvu kuliko miraba yangu yote.

Kisha alinieleza namna tope linavyokufa. Maji ya mkonge yana uchachu, na ndani yake mna saponini, yaani kitu cha kutoa povu ambacho huwadhuru samaki. Lakini hatari kubwa ni mabaki ya majani yenyewe. Yakishuka chini ya maji tulivu, vijidudu visivyoonekana kwa macho huyashambulia na kuyaozesha, na katika kazi hiyo huitumia oksijeni iliyomo majini. Chakula kikiwa kingi mno, vijidudu huimaliza oksijeni yote. Hapo huja vijidudu vya namna nyingine visivyohitaji oksijeni, navyo hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo ile harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ni sumu.

Samaki hupiga mkia akaenda zake, na kaa mwenye nguvu huhama. Lakini kombe ataende wapi? Hufunga magamba yake akangoja maji safi, kama mtu anayefunga mlango moshi ukipita. Anaweza kungoja siku kadhaa. Uchafu ukidumu majuma, lazima afungue, na akifungua amekwisha.

Tena msiba mmoja huleta mwingine. Kaa wakichimba mashimo yao huwa wanalipalilia tope kama sisi tunavyopalilia shamba, na kwa njia ya mashimo hayo hewa hufika chini. Kaa wakiondoka, tope hukosa hewa zaidi. Kamba wachanga, ambao hukulia mikokoni kabla ya kutoka bahari kuu, hukosa mahali pa kukulia. Changu na samaki wengine ambao chakula chao ni kaa na konokono wa chini hawaji tena. Mvuvi hurudi na dema tupu akalaumu bahari, wala hajui kwamba msiba ulianzia matopeni.

Na ile minyoo myekundu? Mwalimu alicheka niliposema nilidhani nimekosea. Alisema iko minyoo ya namna hiyo, jamii moja inaitwa Capitella, ambayo huonekana katika matope machafu ya pande nyingi za dunia. Damu yake nyekundu huweza kuishika ile oksijeni kidogo iliyopo, na wenziwe wakifa yeye hubaki na karamu peke yake. Kwa hiyo mtu akihesabu vichwa tu atadanganyika. Atasema, “Mahali hapa pana uhai tele.” Inampasa ahesabu aina. Mji ambao watu wote wamekufa wakabaki panya elfu moja hauwezi kuitwa mji wenye wakazi wengi.

Nilimwuliza mwalimu kama tope likifa hufufuka. Akanipa mifano miwili ya nchi za mbali, nami sijaisahau.

Wa kwanza ni wa Minamata, katika Japani. Kiwanda kimoja huko kilimwaga zebaki katika ghuba kwa miaka mingi. Zebaki ikaingia katika viumbe wa chini na samaki, na watu wakawala. Mwaka 1956 waganga waligundua maradhi ya ajabu ya mishipa ya fahamu. Watu walitetemeka, wengine wakapofuka, na watoto walizaliwa na vilema. Zebaki haiozi. Ilibidi baadaye tope la ghuba ile lichotwe na kufukiwa.

Wa pili ni wa Mto Thames, unaopita London. Mwaka 1957 wataalamu wa jumba la makumbusho ya viumbe la mji huo walisema kwamba mto ule umekufa, kwa sababu ya maji machafu ya mji na ya viwanda. Waingereza wakajenga mitambo bora ya kuyasafisha maji hayo kabla hayajaingia mtoni. Polepole oksijeni ikarudi, na minyoo na samaki wakaifuata. Mwaka 1974 alipatikana samaki aina ya samoni, ambaye hakuonekana katika mto ule kwa zaidi ya miaka 100.

Hapo nikafahamu kwamba uchafu ni wa namna mbili: uchafu unaooza na uchafu usiooza. Makapi ya mkonge huoza. Hiyo ndiyo inayolikosesha tope hewa, lakini pia ndiyo bahati yetu, kwani ukiuzuia uchafu leo, tope litajisafisha lenyewe, kama lilivyoanza kujisafisha ile miezi mitatu. Tena makapi hayo si takataka za kutupwa. Huwa mbolea, na kule Hale, katika mkoa wetu huu huu, ulijengwa mtambo wa kutoa gesi na umeme kwa makapi ya mkonge. Kumbe kile kinachomwua kombe wa Bibi kingeweza kuwasha taa.

Sheria nayo ipo. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inakataza kumwaga uchafu majini ovyo. Lakini sheria haina miguu ya kuingia matopeni, wala haijui kuchekecha. Anayekanyaga tope kila siku ni Bibi, naye hajapata kuulizwa.

Mwezi uliopita nilipata barua kwa mkono wa mjomba aliyepita shuleni. Imeandikwa na Baba mwenyewe, ambaye si mtu wa barua. Anasema kwamba katika mkutano wa wafanyakazi alisimama akaeleza habari ya shimo kujaa, na ya tope la mlangoni. Nyapara alimwuliza tangu lini mkwanguaji wa mkonge akawa msemaji wa kaa. Baba akajibu kwamba kaa hao ni wa mkwewe, nao walimlisha yeye na watoto wake wakati korona ilipolala. Watu walicheka, lakini wenzake wawili wakasimama wakasema na wao wana ndugu huko chini. Wameahidiwa kwamba shimo la pili litachimbwa, na la kwanza litazolewa makapi, kabla ya mvua za vuli.

Ahadi si shimo, wasomaji wapenzi, hilo nalijua. Lakini kwa baba yangu kusimama mbele ya nyapara halikuwa jambo dogo. Nilipoisoma barua ile bwenini, nilijifunika shuka ili wenzangu wasinione machozi.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho, kisha nitarudi nyumbani. Bamvua ya kwanza ya Desemba, inshallah, nitashuka na Bibi mlangoni mwa Mkulumuzi na mraba wangu wa fito. Nitahesabu mahali pale pale, kama nilivyofundishwa. Nikikuta minyoo myekundu peke yake, nitajua ahadi imekwenda na maji. Nikikuta hata kaa mmoja wa gando kubwa anachungulia shimoni, nitajua kwamba tope limeanza kupumua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mimi nimegeuka mgeni wa tope, na mwenyeji wangu ni Bibi. Namwombea apone, yeye na kikapu chake. Nanyi wenzangu mnaotoka kando ya mito, mkipita darajani msitosheke na kutazama maji ya juu na kusema ni safi. Shukeni. Ulizeni wanaokaa chini.